Jinsi ya kusoma na kurekodi dirisha la vioo vya rangi katika kanisa la parishi Uingereza

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Mtu ameingia kanisa la kijiji huko Kent au Norfolk, ameona dirisha linawaka kama makaa, amepiga picha kwa simu, na akifika nyumbani anakuta doa jeupe lililozungukwa na giza. Au picha imetoka vizuri, lakini hajui yule mwanamke mwenye gurudumu ni nani, dirisha lina umri gani, wala kwa nini kipande kimoja cha maandishi kinasomeka kinyumenyume. Hapa tunaeleza kazi nzima ya dirisha moja, kuanzia kuomba ruhusa hadi kupata karatasi ambayo mtu mwingine anaweza kuitegemea. Dirisha la kanda tatu (sehemu tatu ndefu za wima) litengee saa mbili. La kanda saba litakula siku nzima.

Shika jambo moja kabla ya yote: usianze na nyuso. Uso ndio kila mtu hukimbilia, na ndio sehemu inayodanganya kuliko zote. Wavunja sanamu wa karne ya 16 na 17 mara nyingi walianzia hapo, na mafundi wa karne ya 19 wakachora nyuso mpya kujaza mapengo. Habari za kuaminika ziko chini penye maandishi, na ziko kwenye mistari ya risasi, ile mikanda ya madini inayounganisha vipande vya kioo. Uso utaufikia baadaye, ukiwa na ushahidi mkononi.

Maneno tutakayotumia

Ukanda ni sehemu ndefu ya dirisha iliyo kati ya nguzo mbili nyembamba za mawe. Dirisha la kawaida la parishi lina kanda mbili hadi tano. Matundu ya juu ni yale madogo yenye maumbo ya majani au matone, juu ya vichwa vya kanda. Risasi ni ule mkanda wa madini wenye umbo la H unaoshika vipande vya kioo pande zote. Nondo ni vyuma vya mlalo vinavyozuia dirisha lisipinde kwa upepo. Paneli ni kipande cha dirisha ambacho fundi anaweza kukitoa kizima.

Vitu vya kuwa navyo

- Darubini ya macho mawili ya 8×32 au 8×42 (8 ni ukuzaji, namba ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita). Ukilazimika kuchagua kati ya darubini na kamera, chukua darubini. Hakikisha inaweza kulenga kitu kilicho mita 2 au 3 tu mbele yako.
- Kamera, au simu inayokuruhusu kupunguza mwangaza kwa mkono.
- Stendi ya miguu mitatu yenye soli za mpira. Sakafu nyingi zina mawe ya makaburi na mabamba ya shaba, na miguu ya chuma huyakwaruza.
- Karatasi nyeupe za A4, penseli na kifutio. Utafuta sana, kwa hiyo kalamu ya wino iache.
- Dira (ya simu inatosha), tochi ndogo na utepe wa kupimia wa mita 5.
- Koti. Kanisa la mawe lina baridi yake hata Juni, na ukisimama saa mbili bila kutembea utaijua.
- Chochote cha kutia kwenye sanduku la sadaka mlangoni. Si lazima, lakini paa hilo halijiezeki lenyewe.

Usilete ngazi, kitambaa cha kufutia wala dawa ya kusafishia vioo. Sababu utaiona chini.

Hatua

1. Omba ruhusa na uchague saa. Makanisa mengi ya vijijini huachwa wazi mchana, yapata saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Mengine hufungwa, na tangazo la mlangoni hutaja nani ana ufunguo. Ukitaka kuweka stendi ya kamera, mwandikie kasisi au mzee wa kanisa siku chache kabla. Epuka Jumapili asubuhi, na angalia kama kuna mazishi au harusi.

Hali ya hewa unayoitaka ni ile Waingereza wanayoilalamikia: mawingu meupe, mepesi, yaliyotanda mbingu nzima. Jua kali linalopiga dirisha moja kwa moja huchoma rangi za mwanga na kuleta kivuli cha mti au cha wavu wa nje katikati ya picha. Ikiwa siku ni ya jua, anza na madirisha ya kaskazini, ambayo hayapigwi na jua kwa sehemu kubwa ya mwaka. Desemba giza huanza kuingia kabla ya saa kumi jioni, basi usifike saa tisa ukitarajia miujiza.

2. Tafuta mashariki, kisha lipe dirisha namba. Kanisa la zamani lina madhabahu upande wa mashariki. Ukiyaelekea, kaskazini iko kushoto kwako na kusini kulia. Baadhi ya makanisa ya mijini yamegeuzwa kwa sababu ya kiwanja. Hapo upande wa madhabahu huendelea kuitwa mashariki hata dira ikikataa. Andika yote mawili.

Tumia namba za Corpus Vitrearum, mradi wa kimataifa wa wachunguzi wa vioo vya kale. Dirisha la mashariki ni I. Ya kaskazini ni nII, nIII, nIV ukielekea magharibi, na ya kusini ni sII, sIII na kuendelea. Madirisha ya safu ya juu ukutani, karibu na paa, hupewa herufi kubwa, N na S.

Tahadhari: makanisa mengine yana namba zao wenyewe. St Mary's ya Fairford, Gloucestershire, ambayo imehifadhi madirisha yake 28 ya mwanzoni mwa karne ya 16, huyahesabu kuanzia 1 hadi 28 kwa kufuata hadithi. Humo dirisha la mashariki ni la 5 na lile kubwa la magharibi, la Hukumu ya Mwisho, ni la 15. Ukiandika "dirisha la 5" bila kusema umetumia mfumo gani, atakayekufuata atapotea.

3. Chora gridi. Simama ndani, katikati ya dirisha, na uchore kanda zake kwa penseli. Zipe kanda herufi kutoka kushoto kwenda kulia: a, b, c. Safu za paneli zipe namba kutoka chini kwenda juu. Paneli ya chini kabisa kushoto ni 1a. Ya safu ya tatu katika ukanda wa pili ni 3b. Matundu ya juu yapange kwa herufi kubwa, A1, A2, ukianzia pia chini kushoto.

Hapa wengi hukosea: wanahesabu kila nondo kama mpaka wa paneli. Angalia kwa darubini. Chuma kinene na bapa, ambacho kingo mbili za risasi zimekaa juu yake, ndicho mpaka. Chuma chembamba cha mviringo, kilichofungwa kwenye risasi kwa vipande vya waya wa shaba, ni cha kushikilia tu na kinapita katikati ya paneli. Kosa la pili ni kuhesabu ukiwa nje, ambapo kushoto inageuka kulia na ukanda a unakuwa c.

Pima upana wa ukanda mmoja kwenye kizingiti cha mawe. Usiguse kioo wala risasi. Ule unga mweupe unaouona kwenye risasi kuukuu una sumu, na kioo chenye miaka 500 huweza kushikiliwa na simenti iliyogeuka vumbi. Ukigusa kwa bahati mbaya, nawa mikono kabla ya kula.

4. Piga picha. Zima taa za kanisa kama umeruhusiwa, na usitumie flashi kamwe. Flashi huonyesha risasi na utando wa buibui, basi. Simama mbali kadiri kanisa linavyoruhusu. Kwa dirisha la urefu wa mita 4, mita 8 ni mwanzo mzuri. Tumia lenzi ya kuvuta, si kusogea karibu na kuinua kamera, maana ukiinua, dirisha litaonekana linaanguka kwa nyuma.

Kwa kamera: ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 200, tundu la lenzi f/8, na anza na kasi ya sekunde 1/60 siku ya mawingu. Kisha piga picha mbili zaidi, 1/30 na 1/125. Vioo vyeupe vitataka ile ya haraka, vioo vya buluu na vyekundu vilivyokolea vitataka ya polepole. Joto la rangi (white balance) liweke kwenye alama ya jua, si otomatiki, kwa sababu kamera ikiona buluu nyingi hujaribu kuirekebisha na kukuletea manjano ambayo fundi hakuiweka.

Kwa simu: gusa kipande cheupe kabisa cha kioo kwenye skrini, shikilia hadi mwangaza ujifunge, kisha teremsha alama ya jua mpaka uone mistari ya brashi ndani ya weupe. Ukuta utakuwa mweusi kabisa. Ni sawa, hukuja kupiga ukuta.

Agizo ni hili: picha moja ya dirisha zima pamoja na mawe, picha moja ya kila ukanda, picha moja ya kila paneli kwa mpangilio wa gridi (1a, 1b, 1c, kisha 2a), halafu maandishi yote na kona zote za chini. Ukifuata mpangilio huo, hutahitaji kukumbuka chochote ukifika nyumbani.

5. Soma ukingo wa chini. Sasa chukua darubini na uanze chini kushoto. Nakili maandishi herufi kwa herufi, pamoja na makosa, na uweke mabano ya mraba pale kioo kilipovunjika. Usisahihishe, usifasiri bado.

Dirisha la kabla ya miaka ya 1540 huweza kuanza na "Orate pro anima", yaani ombeni kwa ajili ya roho ya fulani. Kauli hiyo iliwaudhi sana Waprotestanti, ndiyo maana mara nyingi utaikuta imekatwa au imebaki nusu. Dirisha la karne ya 19 na 20 litasema "To the glory of God and in loving memory of", kisha jina na tarehe. Tarehe hiyo ni ya kifo. Dirisha lenyewe huenda liliwekwa mwaka uliofuata, au miaka 20 baadaye mjane alipofariki na wosia kusomwa. Kuandika mwaka wa kifo kama mwaka wa dirisha ndilo kosa tunalokutana nalo kuliko jingine lolote.

Herufi nzito za Kigothi zina mtego wake: i, u, n na m zote zimejengwa kwa vijiti vya wima vinavyofanana. Hesabu vijiti kwanza, kisha gawanya. Tarehe huweza kuwa kwa namba za Kirumi. MDCCCLXXIV ni 1874.

Angalia pia ngao za koo. Chora ngao yenyewe na utaje rangi zake, kwa kuwa jamaa walioilipia dirisha hutambulika kwa ngao hata jina lao likiwa limepotea.

6. Tafuta alama ya fundi. Ipo, kama ipo, kwenye kona ya chini au imefichwa kwenye pambo la pembeni, na mara nyingi haizidi kidole gumba. Mganda wa ngano wa dhahabu ni wa Charles Eamer Kempe. Ukiona mnara mdogo mweusi umepachikwa juu ya mganda, dirisha ni la baada ya kifo chake mwaka 1907, chini ya Walter Tower, ambaye jina lake lina maana hiyo hiyo, mnara. Stroberi ni ya Ninian Comper, ambaye baba yake alianguka na kufariki akiwagawia watoto maskini matunda hayo katika bustani moja ya Aberdeen. Utando wa buibui ni wa Geoffrey Webb. Mtawa mdogo mwenye joho jeupe ni kiwanda cha James Powell and Sons, kilichoitwa Whitefriars.

Kutokuwepo alama si ushahidi wa lolote. Mafundi wengi wakubwa wa karne ya 19 hawakutia sahihi, na kwenye madirisha ya Zama za Kati jambo la namna hiyo ni nadra sana. Na usikubali kila anayekuambia "hili ni la William Morris", yule mbunifu mashuhuri wa karne ya 19. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1861, na kuanzia 1877 alikataa kutengeneza madirisha mapya kwa ajili ya makanisa ya kale yaliyokuwa yakikarabatiwa. Mashaka kidogo hayaumizi.

7. Fuata risasi. Hii ndiyo hatua inayomtenganisha mtazamaji na msomaji. Risasi ya fundi wa kwanza hufuata mchoro: inazunguka bega, inashuka na mkunjo wa joho, inakata pale rangi inapobadilika. Risasi ya ukarabati haina adabu hiyo. Inapita katikati ya shavu, inagawa mkono mara tatu, inaparamia ua. Kila unapoona mstari usio na sababu katika mchoro, kioo kilipasuka hapo. Utie alama kwenye gridi.

Kisha tafuta vipande vya wageni. Fundi aliyekosa kioo alichukua kipande chochote kutoka dirisha lililokufa na kuziba tundu. Utakuta nusu ya bawa la malaika ndani ya goti la mtume, au herufi za Kilatini zilizosimama kichwa chini kwenye anga. Maandishi yanayosomeka kinyumenyume maana yake kipande au paneli imewekwa mgongo mbele. Paneli nzima ikiwa imegeuka, watu wake wote watakuwa wanabariki kwa mkono wa kushoto.

Usikadirie umri kwa risasi yenyewe. Kwa kawaida hudumu kama miaka 100 hadi 150, kisha dirisha hufumuliwa na kufungwa upya. Kioo cha mwaka 1450 kinaweza kuwa kimekaa kwenye risasi ya 1890.

8. Watambue watu kwa vitu wanavyoshika. Sasa unaweza kuwatazama wahusika, lakini mikononi, si usoni. Petro ana funguo, Paulo upanga, Andrea msalaba wa umbo la X, Bartholomayo kisu cha kuchunia. Yakobo mwana wa Zebedayo ana gamba la kombe na fimbo ya msafiri. Yohana ana kikombe kinachotoka nyoka au joka dogo. Akiwa na tai, ni yeye kama mwandishi wa Injili. Simba mwenye mabawa ni Marko, ng'ombe mwenye mabawa ni Luka, na mtu mwenye mabawa ni Mathayo.

Mwanamke mwenye gurudumu, yule wa kila siku, ni Katarina wa Aleksandria. Mwenye mnara ni Barbara, na anayetoka juu ya joka ni Margareta. Mfalme mwenye mshale ni Edmundo, aliyekuwa mfalme wa East Anglia. Huko Norfolk na Suffolk mtazamie. Askari mwenye msalaba mwekundu juu ya ngao nyeupe ni George, na ukimwona amesimama karibu na vijana wenye sare za khaki, uko mbele ya kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mtu aliyelala chini na mti ukichipuka kutoka tumboni au ubavuni mwake ni Yese, na wale walio matawini ni ukoo wa Kristo. Majina ya Kilatini yasikutishe: Jacobus ni Yakobo, Johannes ni Yohana.

9. Kadiria umri. Kipimo cha haraka kuliko vyote kiko kichwani mwa malaika. Angalia kama uso ni mweupe na nywele ni za manjano kwenye kipande kimoja cha kioo, bila risasi katikati. Manjano hiyo hupatikana kwa kupaka mchanganyiko wa fedha upande wa nje wa kioo na kukichoma tanurini. Uingereza ilianza kuitumia mwanzoni mwa karne ya 14. Kwa hiyo kipande hicho hakiwezi kuwa cha miaka ya 1200, hata kijitabu cha kanisa kikisema hivyo.

Kabla ya hapo utaona buluu na nyekundu nzito, na hadithi ndogo ndogo ndani ya maduara. Karne ya 14 watu husimama wamejipinda kama herufi S chini ya vibanda virefu vilivyochorwa. Karne ya 15 weupe unatawala, manjano inang'aa, na madirisha ya bei nafuu yana vioo vya umbo la almasi, kila kimoja na ua au ndege aliyechorwa kwa mipigo michache ya brashi. Tumia darubini kwa ndege hao. Baadhi wamechorwa na mtu aliyekuwa akijifurahisha. Mwanzoni mwa karne ya 16 mandhari ya nyuma yanapata kina, na hadithi moja inavuka nguzo za mawe na kuenea kanda mbili tatu. Karne ya 17 na 18 wanapaka rangi nyingi juu ya vioo vya mraba kama turubai, na risasi zinakuwa gridi tu.

Karne ya 19 ndiyo iliyojaza makanisa. Ya miaka ya 1840 hadi 1860 huwa makali, yenye nyekundu na buluu zinazogombana. Ya Kempe yana kijani kilichopoa, na malaika wenye mabawa ya manyoya ya tausi. Uso uliofutika kabisa wakati nguo zimebaki safi huelekeza kwenye kizazi cha katikati ya karne hiyo, ambapo baadhi ya viwanda vilitia boraksi kwenye rangi ili iyeyuke kwa urahisi. Unyevu ukaja kuila.

Kisha jiulize kama dirisha lina umri mmoja. Lile la magharibi la Fairford lilivunjwa na dhoruba kuu ya Novemba 1703, na sehemu ya juu unayoiona leo ni kazi ya miaka ya 1860. Chini, penye Mikaeli na mizani yake na mashetani wanaobeba waliohukumiwa, ndipo penye kioo cha kale. Anayelitazama kwa mara ya kwanza huinua macho kwa Kristo aliye juu na kusifu kazi ya karne ya 16 akiwa anatazama ya karne ya 19. Andika umri kwa paneli, si kwa dirisha.

Madirisha ya kisasa yana kanuni zake. All Saints ya Tudeley, Kent, ina madirisha 12 ya mchoraji Marc Chagall. La mashariki liliwekwa mwaka 1967 kumkumbuka Sarah d'Avigdor-Goldsmid, aliyezama baharini mwaka 1963, na mengine yakafuata hadi 1985. Hapo risasi haifuati umbo la mtu sana, na ukitumia hatua ya 7 kama ilivyo utadhani kila kitu kimevunjika.

10. Toka nje. Zunguka hadi nyuma ya dirisha lile lile. Ukiona vishimo vidogo na ukoko mweupe juu ya kioo, hicho ni kioo cha Zama za Kati kilichotengenezwa kwa majivu ya kuni, na mvua imekuwa ikikila karne kwa karne. Kioo laini kinachong'aa sawasawa kwa kawaida ni kipya zaidi. Ukikuta kioo kingine cha kawaida kimewekwa mbele, au wavu wa chuma, rekodi pia: wavu unaelezea vile vivuli vya mraba kwenye picha zako.

11. Hakiki kwenye kumbukumbu. Kanisa la Uingereza halibadilishi dirisha bila kibali cha dayosisi, na maombi ya vibali hivyo huhifadhiwa, mara nyingi kwenye nyaraka za kaunti. Uliza "faculty papers" za parishi unayoitaka pamoja na hesabu za wazee wa kanisa. Humo utakuta mwaka halisi, jina la kiwanda, pengine hata bei na mchoro. Kwa makanisa ya Suffolk na Cambridgeshire, tazama pia shajara ya William Dowsing, aliyezunguka huko mwaka 1643 na 1644 akiamuru picha ziharibiwe na kuandika alichofanya kanisa kwa kanisa.

Mambo yakikwama

*Picha ina ukungu mweupe kuzunguka vioo vyepesi.* Umepiga kwa mwangaza mwingi, au lenzi ina alama za vidole. Futa lenzi, punguza mwangaza hatua mbili, rudia.

*Nyekundu imetoka kama doa moja lisilo na mistari.* Kamera imeelemewa na rangi hiyo peke yake. Ipigie picha yake kando, yenye giza zaidi.

*Maandishi yamefunikwa na madhabahu au kabati.* Usisogeze kitu. Piga kwa pembe kutoka kila upande, kisha uliza mzee wa kanisa kama kuna nakala. Mara nyingi maneno yale yale yapo kwenye bamba la shaba ukutani karibu na hapo.

*Mtakatifu hana kitu mkononi.* Angalia miguuni, kisha kwenye pindo la joho, kisha kwenye tundu la juu ya ukanda wake. Ukikosa, andika "mtakatifu asiyetambulika" na uendelee. Usimpe jina kwa sababu kanisa linaitwa kwa jina hilo.

*Rangi inaonekana kama vumbi, na unatamani kulifuta.* Usifute. Mistari ya uso na mikunjo ya nguo ni rangi iliyochomwa juu ya kioo, na ikishalegea huondoka kwa pamba kavu, sembuse dawa ya dukani. Utando wa buibui nao uache.

*Kipande kimelegea, au paneli imebonyea kama tumbo.* Piga picha kutoka pembeni, pima kwa macho imetoka kiasi gani kwenye nondo, taja namba ya paneli na umpe mzee wa kanisa siku hiyo hiyo. Usikisukume kirudi. Bonyeo la sentimita 2 au 3 linaweza kuwa la miaka 50 na likatulia. Lenye mpasuko mpya, wenye kingo safi zinazometa, ndilo la kumpigia simu kabla hujaondoka kijijini.